Mgeni wa masaa mawili hamponyi mwenyeji

Katika parokia nyingi za Kivu, mtu akiita « Bonaventure » baada ya misa, wanaume wawili watatu watageuka. Wenye jina hilo wanajua kwamba ni la mtakatifu, Mfransisko na mwalimu wa Kanisa. Wachache wanajua alikozaliwa. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 13 huko Civita di Bagnoregio, kijiji kidogo cha Italia, kilomita kama 120 kaskazini ya Roma. Nyumba yake haipo tena. Ardhi ilimomonyoka ikaenda nayo bondeni.

Kijiji hicho leo kinauzwa mjini Roma kama safari ya siku moja. Mtalii analipa gari na dereva, anapelekwa kuona nyumba za mawe za enzi za kati, anapiga picha, na jioni anarudi kulala mjini. Wazee wa Kiswahili walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu anakuja na kuondoka kabla jua halijazama. Je, mwenyeji anapona?

Swali hilo linawahusu pia watu wa Bukavu, Katana, Kabare na Idjwi. Vijiji vya Italia vimelijaribu kwa miaka mingi, vikakosea, vikapata. Kivu inaweza kujifunza bila kulipa gharama ya makosa hayo mara ya pili.

Siku moja, gari moja

Safari yenyewe iko hivi. Saa mbili asubuhi gari jeusi linasimama mbele ya hoteli Roma. Ndani kuna viyoyozi, chupa za maji, na dereva anayesema Kiingereza au Kifaransa. Barabara kubwa inaelekea kaskazini, na baada ya karibu masaa mawili gari linafika Bagnoregio. Hapo watu wanashuka, kwa sababu gari la mgeni haliingii Civita.

Mbele yao kuna daraja la miguu lenye urefu wa karibu mita 300, lililojengwa 1965. Upande wa pili, juu ya kilima kilichosimama peke yake kama kichuguu kikubwa, kuna kijiji. Kilima hicho juu ni mwamba laini uliotokana na volkano, na chini ni udongo wa mfinyanzi. Mvua inakula udongo wa chini, mwamba wa juu unakosa pa kushika, unapasuka na kuanguka. Mtu wa Bukavu aliyeona mmomonyoko ukila mitaa ya Kadutu haitaji kueleweshwa zaidi.

Mtalii anavuka daraja, anapita chini ya mlango wa mawe, anafika kwenye kiwanja kidogo chenye kanisa la San Donato. Anazunguka vichochoro, anakula mkate wenye mafuta ya zeituni, anapiga picha ya bonde. Masaa mawili yanatosha. Kisha gari linampeleka Orvieto, mji ulio karibu, kuona kathedrali iliyoanza kujengwa 1290 na kisima kilichochimbwa karne ya 16, chenye kina cha mita zaidi ya 50. Saa kumi na mbili jioni yuko hotelini Roma.

Gari la namna hiyo kwa siku nzima linagharimu mamia ya euro. Chukua mfano wa euro 600 kwa watu wanne. Tiketi ya kuingia Civita ni euro 5 kwa mtu, yaani euro 20 kwa wote wanne. Ongeza kahawa, mkate na kadi ya posta. Pesa kubwa ilibaki Roma: kwa mwenye gari, kwa aliyeuza safari kwenye intaneti, kwa hoteli. Kijiji, ambacho ndicho sababu ya safari yote, kilipata makombo ya meza.

Na hayo makombo yenyewe hayakuwapo zamani. Kabla ya 2013, kuvuka daraja kulikuwa bure.

Mlango wenye risiti

Civita ni kijiji kilichokuwa kinakufa. Waetruski walikianzisha zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Katika enzi za kati kilikuwa na askofu wake. Mwaka 1695 tetemeko la ardhi liliharibu nyumba nyingi, na askofu pamoja na viongozi wa serikali wakahamia Bagnoregio, upande salama. Watu wakafuata polepole. Mwandishi Bonaventura Tecchi, mtoto wa eneo hilo, alikiita kijiji kinachokufa, na jina likabaki mpaka leo.

Mwaka 2013 komuni ya Bagnoregio iliamua jambo ambalo hakuna kijiji kingine cha Italia kilikuwa kimefanya: kila mgeni anayevuka daraja alipe. Bei ya kwanza ilikuwa euro 1.50. Wengine walipiga kelele. Walisema kijiji si sinema, kijiji si bustani ya wanyama, mtu hawezi kutozwa kwa kutembea njiani. Kelele hizo zilikuwa na maana, na hazijaisha.

Lakini wageni hawakukimbia. Kabla ya tiketi walikuwa kama 40,000 kwa mwaka. Baada yake walifika mamia ya maelfu, na bei ikapanda mpaka euro 5. Pesa hizo zikaingia katika sanduku la komuni. Kwa pesa hizo komuni iliweza kuwaondolea wakaaji wake, watu zaidi ya 3,000, kodi za komuni. Mkaaji wa Bagnoregio ambaye hana duka, hana hoteli, hana gari la kubeba watalii, naye alihisi mfukoni kwamba wageni wamepita.

Hapo ndipo mtu wa Kivu anapaswa kusimama kidogo, kwa sababu anajua vizuri habari ya kulipishwa njiani. Kila dereva wa teksi, kila mama anayebeba ndizi kwenda sokoni, kila motari anajua bariera. Mti umelazwa barabarani, au kamba imefungwa nguzo mbili, na kijana amekaa kivulini. Mtu anatoa franga, kamba inashuka, anapita. Akiuliza pesa ni ya nini, anajibiwa vibaya au hajibiwi. Risiti hakuna. Barabara iliyo mbele ya bariera ina mashimo, na iliyo nyuma yake ina mashimo yale yale.

Tiketi ya Civita na bariera ya Kivu, ukizitazama kwa mbali, ni kitu kimoja: mtu anasimamishwa njiani na kuombwa pesa. Tofauti ni tatu. Kwanza, bei imeandikwa, na ni moja kwa kila mgeni. Pili, anayelipa anapewa karatasi. Tatu, mkaaji wa kawaida anaweza kusema pesa ilifanya nini. Tofauti hizo tatu hazihitaji utajiri wa Ulaya. Hazihitaji mawe ya enzi za kati wala uwanja wa ndege. Zinahitaji daftari, muhuri, na viongozi wanaokubali kuulizwa.

Ndiyo maana hoja ya wale wanaosema « kule ni Ulaya, huku ni Kongo » haitoshi. Kuna vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopeshana katika mitaa ya Bukavu vinavyoshika daftari safi kuliko ofisi nyingi. Kila Jumapili parokia inatangaza mchango wa juma lililopita mbele ya watu wote. Uwezo wa kuhesabu pesa hadharani upo. Kinachokosekana ni nia ya kuupeleka mlangoni mwa kijiji.

Tiketi haizai watoto

Hata hivyo Civita haipaswi kusifiwa kupita kiasi. Ukienda huko usiku, baada ya magari kurudi Roma, utakuta watu wanaokaa mwaka mzima hawazidi kumi na kitu. Nyumba nyingi ni za watu wa mijini wanaokuja siku za likizo, au zimekuwa vyumba vya wageni na mikahawa. Mtoto wa kijiji hana mwenzake wa kucheza naye kwenye kile kiwanja. Pesa ya tiketi ilisaidia komuni nzima, ikasaidia kazi ya kushika kilima kisianguke, lakini haikurudisha watu.

Hili ndilo jambo ambalo matangazo ya safari hayalisemi. Kijiji kinaweza kujaa wageni na bado kikawa kinakufa. Kinaweza kuuza kahawa elfu kwa siku na kukosa mtu mmoja wa kufunga mlango wa kanisa usiku.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni anayekaa hugeuka mtu wa nyumbani, hushika kazi, hujua shida ya mwenyeji. Mtalii wa siku moja hafiki hata siku ya pili. Hapewi jembe, wala haoni shamba. Mji wa Venezia wenyewe umeiona tofauti hiyo: mwaka 2024 ulianza kutoza euro 5, katika siku zilizochaguliwa, wageni wanaoingia na kutoka bila kulala. Anayelala hotelini hatozwi hiyo, kwa sababu tayari analipa kodi ya kulala.

Vijiji vingine vya Italia vilijaribu njia nyingine. Calcata, karibu kilomita 50 kutoka Roma, kilihukumiwa na serikali miaka ya 1930 kwamba mwamba wake si salama, na wakaaji wakahamishiwa kijiji kipya kilichojengwa pembeni. Nyumba za zamani zilibaki tupu. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 wachoraji, wafinyanzi na vijana waliochoka na mji wakaingia humo, wakatengeneza paa na milango, wakakaa. Serikali mwishowe ikaacha wazo la kubomoa. Calcata haikuokolewa na waliokuja kupiga picha. Iliokolewa na waliokuja na godoro.

Kijiji cha Santo Stefano di Sessanio, katika milima ya Abruzzo, masaa kama mawili kwa gari kutoka Roma, kilipita njia ya tatu. Zamani kilikuwa tajiri kwa sufu ya kondoo, na kuanzia karne ya 16 kilikuwa chini ya familia ya Medici ya Firenze. Biashara ya sufu ilipokufa, watu walihamia mijini na ng'ambo, mpaka kikabaki na watu kama mia moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu mmoja anayeitwa Daniele Kihlgren alipita huko kwa pikipiki, akaona nyumba za mawe zilizofungwa, akaanza kuzinunua. Hakujenga hoteli mpya. Alitengeneza nyumba zile zile kama zilivyokuwa, akazifanya vyumba vilivyotawanyika kijijini, na akakubaliana na komuni kwamba majengo mapya ya saruji yasiharibu mahali.

Mgeni anayelala Santo Stefano analipia kitanda, chakula cha usiku, dengu za milimani, blanketi lililofumwa kwa mkono. Pesa inakaa mahali. Tetemeko la ardhi la Aprili 2009, lililoua watu zaidi ya 300 katika eneo la L'Aquila, liliangusha mnara wa kijiji. Mnara umejengwa tena. Lakini hata huko hesabu haijakamilika. Mwaka 2020 komuni ilitangaza kwamba itawalipa vijana wanaokubali kuhamia na kufungua kazi humo, kwa sababu wakaaji walikuwa bado kama 115 tu, wengi wao wazee. Hoteli nzuri ilileta sifa na kazi. Haikuleta shule.

Kwa hiyo somo la Italia lina pande mbili, na wengi wanashika upande mmoja tu. Upande wa kwanza: kijiji kinapaswa kushika mlango wake, na pesa ya mlango ionekane. Upande wa pili: pesa hiyo haina maana kama haiwi sababu ya kijana kubaki.

Upande wa pili wa ziwa

Huyu Kihlgren wa Santo Stefano hayuko mbali na Kivu kama mtu anavyoweza kufikiri. Kwenye kisiwa cha Nkombo, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, shirika lake limejenga vibanda vya wageni kwa namna ya nyumba za zamani: nyasi, miti, udongo, mikeka. Mgeni analala humo, analetewa samaki wa ziwa, anavushwa kwa mtumbwi. Mapato hayaendi kwa mwenye hoteli. Yanasaidia kulipia bima ya afya ya watu maskini wa eneo hilo.

Nkombo haiko mbali na Bukavu. Wakaaji wake wanasema lugha iliyo ndugu ya Kihavu cha Idjwi. Samaki ni sambaza wale wale. Wazo lililotoka kijiji cha enzi za kati cha Italia lilivuka bahari, likafika ziwani, likasimama kabla ya mpaka wa Kongo.

Mtu anaweza kusema Kivu haina vijiji vya enzi za kati. Ni kweli kwamba haina nyumba za mawe za miaka 800. Nyumba za huku zilijengwa kwa miti na nyasi, na mvua haiachi kitu cha namna hiyo. Lakini uzee wa mahali haumo ndani ya mawe tu. Umo katika majina ya vilima, katika makao ya mwami na makaburi ya wafalme, katika kazi ya mhunzi na mfinyanzi, katika namna mgeni anavyopewa kasiksi kabla ya kuulizwa habari. Idjwi ina sheferi mbili na mami wawili, na historia yake ya wafalme na koo imeandikwa katika vitabu vinavyosomwa vyuo vikuu vya Marekani. Kijana wa Bukavu anaweza kumaliza shule bila kuisikia.

Na safari za siku moja kutoka mjini zipo Kivu pia, au zilikuwapo kabla hali haijaharibika. Mgeni alitoka Bukavu asubuhi, akafika Tshivanga, akaingia msituni kuona sokwe wa Kahuzi-Biega, akarudi kula chakula cha jioni mjini. Wengine walienda Lwiro kuona sokwe-mtu waliookolewa, wakapita ndani ya majengo makubwa ya watafiti yaliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Gari la mji, hoteli ya mji, mkahawa wa mji. Vijiji vya njiani viliona vumbi na vioo vilivyofungwa.

Kahuzi-Biega inaumiza zaidi. Hifadhi iliundwa 1970, na Batwa waliokaa msituni miaka yote walitolewa bila fidia ya kweli. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza hukumu yake kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Kwa nusu karne wageni walilipa kuona msitu, na wenyeji wa msitu walikaa pembeni ya barabara bila shamba. Civita ilipoteza watu wake kwa mmomonyoko na tetemeko. Kahuzi ilipoteza wake kwa amri ya ofisi. Jambo hilo haliwezi kutajwa kwa haraka katika mazungumzo yoyote ya utalii wa Kivu, na mradi wowote utakaolisahau utakuwa umejengwa juu ya shimo.

« Sasa hivi nani anafikiri watalii? »

Hilo ndilo jibu la kwanza ambalo wengi watatoa, na ni jibu la haki. Mwaka 2025 vita vilifika mpaka ndani ya Goma na Bukavu. Kuna familia zinazolala kwa watu, kuna watoto waliopoteza mwaka wa masomo, kuna wachuuzi ambao pesa yao imekwama benki. Kuzungumza juu ya wageni wanaopiga picha kunaweza kuonekana kama kucheza ngoma penye msiba.

Lakini kuna sababu mbili za kuzungumza sasa. Ya kwanza ni kwamba wageni wa kwanza wa vijiji vya Kivu hawatakuwa wazungu. Watakuwa watu wa Bukavu na Goma wenyewe, wanafunzi, kwaya za parokia, familia zinazotafuta hewa siku ya Jumapili, na ndugu waliotoka Ulaya au Marekani kuja kuona bibi yao. Hao wanasafiri hata katika shida, boti ikipita. Kijiji kinachojua kupokea kwaya ya watu 40, kuwapikia bugali, sombe na samaki kwa bei inayojulikana, na kuandika mapato kwenye daftari, kimeshaanza kazi.

Ya pili ni kwamba siku amani itakaporudi, wa kwanza kufika watakuwa wenye pesa. Watanunua ukingo wa ziwa, watazungushia ukuta, watauza Roma na Brussels safari ya siku moja kwenda « kijiji halisi cha Afrika ». Chifu atapewa bahasha, vijana watapewa kazi ya kulinda lango, na akina mama watauza vikapu nje ya ukuta. Kijiji kisichokuwa na sheria yake kabla ya hapo hakitapata nafasi ya kuitunga baadaye. Bagnoregio iliweza kuweka tiketi kwa sababu daraja lilikuwa la komuni. Lingekuwa la mtu mmoja, tiketi ingekuwa mali yake.

Yanayotakiwa si makubwa. Sheferi inayotaka kupokea wageni iandike mapema nani ana haki juu ya njia, gati na ukingo wa ziwa, na iandike mbele ya mashahidi. Iweke bei moja ya mgeni, itoe risiti, na kila mwezi isome hesabu hadharani: sokoni, kanisani, msikitini. Shirika la raia na wanawake wa kijiji wawe na ufunguo mmoja wa sanduku. Pesa ya kwanza iende mahali ambapo mtoto ataiona: paa la shule, dawa za zahanati, bomba la maji. Wakaribishwe zaidi wanaolala kuliko wanaopita, kwa sababu kitanda kimoja kinalisha nyumba moja, na dirisha la gari halilishi mtu. Na pale Batwa walipotolewa, wao wawe wa kwanza mezani, si wa mwisho.

Baadhi ya machifu hawatapenda. Bariera bila risiti inanona kuliko tiketi yenye daftari. Lakini wao ndio wanaolalamika kwamba vijana wanakimbilia migodini, mijini na ng'ambo, na kwamba vilima vinabaki na wazee. Italia iliona hivyo hivyo. Huko zipo komuni zinazouza nyumba tupu kwa euro 1 na bado hazipati wa kukaa humo. Kijiji kikishafika hapo, kukirudisha ni kazi ya miaka mingi.

Vijiji vya Kivu havijafika hapo. Watoto bado wamejaa njiani, wanacheza mpira wa matambara, wanakimbilia kila gari linalopita. Huo ndio utajiri ambao Civita, pamoja na tiketi zake zote, haiwezi kuununua. Mtoto anayezaliwa leo Idjwi na kupewa jina la Bonaventure anastahili kukuta, akifika miaka 20, kijiji chenye sababu ya kumfanya abaki.